Mwanamke wa Mashine ya Gicheru

Watiri alirudi na gunia lile lile aliloondoka nalo.

Babake, Kingori, alikuwa zizini akikamua. Alimwona msichana akiingia langoni ameinama, mkanda umemkaza kwenye paji la uso, kahawa ingali mgongoni. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Jumamosi, mwezi wa Desemba. Kahawa mbivu si mahindi, haikubali kuwekwa. Ikilala usiku mmoja ndani ya gunia huanza kuchemka yenyewe na kunuka kama pombe, na kesho yake hakuna anayeitaka. Katika kijiji kile chini ya Kiganjo hata mtoto wa kunyonya alijua hilo. Mtu akienda kiwandani alirudi na gunia tupu limekunjwa kwapani. Kurudi nalo limejaa lilikuwa jambo la kuulizwa njiani na kila unayekutana naye, na bila shaka Watiri alikuwa ameulizwa.

"Wamefunga?" Kingori aliuliza.

"Hawajafunga."

"Mashine imeharibika?"

"Mashine iko sawa." Aliliteremsha gunia kwenye nyasi, akasimama akijisugua shingo. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu kama marehemu mamake, na nywele alizojisuka mwenyewe, mistari imeenda upande. "Karani alikataa kuandika. Na mimi nikakataa kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Kwa mizani."

Kingori aliacha kukamua. Ng'ombe aligeuza shingo kumtazama.

Watiri alisimulia bila kulia. Karani wa mizani, kijana anayeitwa Ndungu, alitundika gunia, akageuza uso wa mizani upande wake kama kawaida, akaita thelathini. Lakini gunia na mizani vilipokuwa vikizunguka kwenye kamba, Watiri alikuwa ameona. Thelathini na tatu na nusu. Akamwambia geuza nisome. Ndungu akamwambia toka, wengine wanangoja. Watiri akaishika kamba ya mizani kwa mikono miwili, akasema hatoki mpaka namba isomwe kwa sauti na watu wote waione.

"Mbele ya laini yote?"

"Mbele ya laini. Nilimwambia hata mashine ya gemu kule Kiganjo inaonyesha namba wazi. Yako na ya yule mnashindana, zote ziko juu, kila mtu anaona. Sasa mizani ya kiwanda inaficha kwa nini?"

"Na watu walisema nini?"

"Walinyamaza." Alifikiria kidogo. "Ni Cucu Kagendo tu, na uzee wake, aliyekohoa."

Kingori alilitazama gunia. Alijua habari ya zile kilo. Kila mtu alijua. Nusu kilo ni ya kiwanda, ndivyo walivyozoea kusema, na ile nusu ilikuwa imekua ikawa mbili, zikawa tatu, kama mtoto anayelishwa vizuri. Mwenyekiti wa chama cha kahawa alikuwa na pikapu mpya. Daraja lililobebwa na mvua za El Niño mwaka uliopita lilikuwa lingali limelala mtoni kama ng'ombe mfu, na pesa za kulijenga zilikatwa kwenye kahawa mara mbili. Phyllis, mkewe, alifia ng'ambo ya daraja hilo, juu ya machela ya miti, kwa sababu hakuna gari lililoweza kuvuka. Wakubwa walikuja mazishini, wakala, wakahutubia. Kingori alivaa koti la kuazima na kuwashukuru.

"Mwaga hapo kwa turubai," alimwambia binti. "Tutaikausha na maganda yake iwe buni."

"Buni si wananunua kama bure?"

"Na ungetaka nifanye nini? Niinywe?"

Alitaka kumuuliza kwa nini hakutulia kama watu wengine. Lakini swali hilo lilikuwa na mwenzake, na huyo mwenzake hakutaka kumsikia: kwa nini mtoto ndiye aliyekuwa kwenye mizani. Miaka kumi na minne Phyllis ndiye aliyepeleka kahawa, ingawa namba ya uanachama ilikuwa kwa jina la Kingori. Ndivyo kijiji kilivyofanya kazi: shamba la mwanamume, mgongo wa mwanamke. Wanaume waliofika na mikokoteni walipimiwa pembeni, mapema. Laini ilikuwa ya kina mama. Baada ya mazishi Kingori alijitwika gunia begani, akajipanga. Ndungu alimtazama kutoka kofia hadi viatu akasema, "Leo tumeletewa mama mpya. Karibu, mama." Laini nzima ilicheka, hata waliokuwa wamempikia msibani. Tangu siku hiyo alimpa Watiri mkanda wa mamake.

Giza lilipoanza kuingia, Gatimu, mlinzi wa kiwanda, alisimama langoni bila kuingia.

"Mwenyekiti anakutaka kesho ukitoka kanisa," alisema. "Kwake, si ofisini." Akapunguza sauti. "Baba Watiri, enda na maneno matamu. Ati wanataka kuweka namba yako kando."

* * *

Mwenyekiti Wamae alikuwa pia mzee wa kanisa, ndiye aliyesoma matangazo kila Jumapili. Siku hiyo aliyasoma akiwa ameyakazia macho mabenchi ya nyuma, ambako Kingori alizoea kukaa. Baada ya ibada Kingori alipanda kilima hadi nyumbani kwake. Aliambiwa angoje. Akangoja kando ya pikapu, kofia mkononi, mpaka jua likahama kutoka bega moja hadi jingine. Mke wa mwenyekiti alimletea chai. Hakumwambia aingie. Basi Kingori akainywa akiwa amesimama uani, kama anayenywa dawa, kuku wakimpita miguuni.

"Wewe ni mtu mpole," Wamae alisema alipotoka hatimaye, akichokonoa meno. "Na Phyllis alikuwa mpole. Miaka yote hiyo hatukusikia sauti yake hapo kwa mizani. Sasa huyu alizaliwa na nani?"

"Ni utoto tu, mwenyekiti."

"Si utoto. Nimeuliza, nikaambiwa. Huyo msichana yako anashinda Kiganjo kwa Gicheru, yule fundi wa redio. Ako na mashine ya kucheza kwa televisheni. Na ndani kuna mwanamke, mapaja nje, anapiga wanaume mateke. Huyo ndiye mwalimu wake. Wewe ulijua?"

Kingori alisikia mashine ikitajwa Jumamosi, lakini hakujua kwamba bintiye anashinda huko. Watiri alikuwa akimwambia ni kwaya. Aibu ya kutojua ilimpanda usoni, akatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana.

"Unaona? Nchi imejaa habari ya ushetani, Serikali yenyewe inachunguza, na wewe uko na yeye ndani ya nyumba." Wamae aliweka mkono begani mwake, mzito, wenye joto la chakula. "Mimi sitaki fimbo. Sisi si wakoloni. Nataka neno tu. Jumanne ni siku ya kupima. Atasimama pale pale aliposimama, mbele ya wale wamama, aseme: mizani haikosi. Maneno mawili. Akisema, kahawa yako inapimwa. Asiposema, tafuta kiwanda ingine."

Kiwanda kingine kilikuwa ng'ambo ya mto, ambako daraja lilikuwa halipo. Wamae alijua hivyo, naye Kingori alijua kwamba anajua.

"Asante, mwenyekiti," alisema.

Alifika barabarani ndipo akagundua kofia ingali mkononi.

* * *

Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya Kiganjo akiwa amekata fimbo ya mti wa porini njiani, akitembea kwa hasira iliyomfaa kuliko aibu. Aliingia kwa Gicheru akiwa ameinyanyua nusu.

Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mbele ya televisheni palikuwa na benchi, na watu walikuwa wamesongamana kama kwenye mnada. Hapana aliyemgeukia. Kwenye benchi alikaa kurutu wa polisi kutoka chuoni, kichwa kimenyolewa kikang'aa, akikaza kidude cha kuchezea hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kando yake alikaa Watiri, ametulia kama anayechambua mboga.

"Karibu mzee, pole na jua," Gicheru alisema. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliiona fimbo, akaonekana kutoiona. "Kaa hapa. Ni raundi ya mwisho."

Kingori hakukaa. Kwenye kioo walikuwa watu wawili wakipigana: jitu la mwanamume lenye kifua kama debe, na mwanamke mwenye nguo ya buluu na nywele zilizosukwa misuko miwili ikaning'inia. Mapaja yalikuwa nje kweli. Kingori aliangalia ukuta, kisha akaangalia tena.

Jitu lilimpiga mwanamke akaanguka kifudifudi. Watu wakapiga kelele. Kurutu akacheka. Mwanamke alilala pale, na Kingori akajikuta amekaza fimbo, kwa sababu alijua, kama anavyojua mwisho wa kila jambo, kwamba huyo hatainuka. Lakini aliinuka. Alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akasimama. Akapigwa tena, akaanguka, akainuka. Halafu vidole vya Watiri vikaenda haraka, mwanamke akaruka, na jitu likaenda chini lisiamke. Juu ya kioo zikatokea namba, pande zote mbili, kubwa, za kusomeka hata kutoka mlangoni.

"Mama Watiri amemaliza polisi," mtu mmoja alisema, wakacheka. Kurutu alilipa shilingi tano nyingine, akasema hakuwa ameshika vizuri.

Kingori alihisi jina hilo likimgusa kifuani. Mama Watiri alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa kaburini chini ya migomba.

"Wanamwita hivyo," Gicheru alimweleza polepole. "Mwanzo ilikuwa kumchokoza. Wapiganaji wako wanane, saba ni wanaume. Kila mtu hapa ako na wake. Huyu mwanamke hakuna aliyemtaka, walisema ni wa kupigwa tu. Watiri alipokuja akaachiwa huyo. Wakasema basi huyo ndiye mamako, kwa vile huna. Akasema sawa, ni mamangu." Alifuta miwani kwa shati. "Hatumii pesa yako, mzee. Mimi simtozi kitu. Hao wengine ndio wanalipa kujaribu kumshinda."

Ndipo Watiri alipogeuka akamwona. Alitazama fimbo, akaweka kidude chini taratibu, akasimama.

Walishika njia ya nyumbani, Watiri mbele, baba nyuma na fimbo. Walipofika penye mteremko Kingori aliuliza, kwa sababu lazima aulize kitu, "Na mapaja je? Huoni haya?"

"Mimi siangalii mapaja, baba. Naangalia vile anaamka."

"Ni picha tu. Haumii."

"Anaumia. Kuna mstari ya nguvu yake hapo juu, ukipigwa inapungua. Inaweza kubaki kidogo kabisa." Alionyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Lakini hata ikibaki hivi, bado anaamka. Na hapigi mtu akiwa chini. Anangoja asimame."

Kingori aliitupa fimbo kwenye ua wa watu. Angeweza kusema kitu hapo. Baadaye alipafikiria sana mahali hapo, penye mteremko, na kila mara alipata neno zuri la kusema. Siku yenyewe alisema hivi:

"Jumanne utaenda kwa mizani useme mizani haikosi."

Watiri alisimama. "Lakini inakosa."

"Najua."

"Unajua?"

"Kila mtu anajua. Kujua ni kujua, na kahawa ni kahawa."

Alimtazama babake kwa muda, si kwa dharau, bali kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni. Kisha akaendelea kushuka.

* * *

Jumanne walichuma tangu alfajiri, na saa tisa walikuwa kiwandani. Safari hii Kingori alibeba gunia mwenyewe. Walimwaga kahawa kwenye uwanja, wakapiga magoti, wakachagua mbichi na zilizoungua wakaweka kando, kama wengine wote. Wamama waliwasalimia bila kuwaangalia. Mawingu yalikuwa yameshuka, mlima haukuonekana, na hewa ilikuwa na ule uzito wa mvua inayotafuta pa kuangukia.

Wamae alikuwa amekuja. Hakuwa na kawaida ya kuja siku za kupima. Alikaa kwenye kiti cha ofisi kilicholetwa hadi nje, mguu juu ya mguu, akiongea na watu habari za bei ya maziwa.

Zamu yao ilipofika, Ndungu alitundika gunia lakini hakuangalia mizani. Alimwangalia mwenyekiti.

"Haya," Wamae alisema kwa upole. "Kuna mtoto alikuwa na neno."

Watiri alisimama mikono ikiwa kando. Alikuwa amevaa rinda la kanisani, kwa sababu Kingori alimwambia avae vizuri.

"Sema, mama," Kingori alimnong'oneza.

Hakusema.

"Tuko na laini," Ndungu alisema. "Mvua inakuja, hii kahawa yote iko nje. Nyinyi wamama mnataka kunyeshewa kwa sababu ya mchezaji wa gemu?"

Mwanamke mmoja nyuma alisonya. Hakuna aliyejua anamsonya nani. Kingori aliliona gunia likining'inia. Alihesabu kichwani: hili, na la Alhamisi, na yale yaliyobaki mitini hadi Januari, na karo ya darasa la nane. Akavua kofia.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyokusudia. "Mizani haikosi. Mtoto huyu ndiye alikosa. Mnisamehe mimi. Huyu hana mama, hakuna mtu wa kumfunza heshima, anafunzwa na picha za televisheni."

Halafu Cucu Kagendo, mwanamke mzee aliyeolewa pale kutoka Meru zamani, aliyezoea kusimama nyuma ya Phyllis kwenye laini, alisema bila kuinua sauti, "Alikuwa na mama, Baba Watiri. Sisi tulimjua."

Wamama waliinamisha macho kwenye magunia yao. Laiti wangecheka kama siku ile nyingine. Kingori angejua la kufanya na kicheko.

"Umesema vizuri," Wamae alisema. "Lakini si wewe tulikuwa tunangoja."

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye bati. Kingori alisogea nyuma ya binti yake. Hakukumbuka baadaye kama alikusudia. Aliweka kiganja kwenye kisogo chake, juu ya ile misuko iliyoenda upande, akasukuma. Alitarajia ubishi. Alikuwa ametumia nguvu ya mtu anayetarajia ubishi. Kichwa kilishuka chepesi, kama cha mtoto mdogo anayelala, na yeye karibu aanguke mbele.

"Mizani haikosi," Watiri aliwaambia viatu vyake.

"Hawajasikia huko nyuma," Ndungu alisema.

"Mizani haikosi."

"Basi. Si ni maneno tu?" Wamae aliinuka, akakibeba kiti mwenyewe kwa unyenyekevu ambao watu wangeusimulia. "Mpimie mzee wa watu kabla hajanyeshewa."

Ndungu aliugeuza uso wa mizani upande wake. "Ishirini na nane," akaita.

Kingori hakuangalia. Angeweza, gunia lilikuwa likizunguka kwenye kamba na kwa kitambo kidogo namba zilikuwa zimemwelekea yeye. Aliangalia kofia yake. Alipokea risiti kwa mikono miwili, akasema asante.

* * *

Alhamisi Watiri alipeleka kahawa, akarudi na gunia tupu limekunjwa kwapani. Jumamosi vivyo hivyo. Hakutaja Kiganjo. Jumapili alikwenda kwaya, na kweli ilikuwa kwaya. Kingori alipita nje ya kanisa akaisikia sauti yake katikati ya nyingine. Watu walimsifu kwa hilo. "Mtoto amenyooka," Wamae alimwambia mlangoni mwa kanisa, akimshika mkono mbele ya watu, na Kingori akajiona akitabasamu.

Hilo tabasamu ndilo lililompeleka Kiganjo jioni hiyo. Lilikuwa limemkaa usoni kama utando wa buibui, hakuweza kulifuta.

Chumba cha Gicheru kilikuwa na watu watatu tu. Televisheni ilikuwa ikijionyesha yenyewe, wapiganaji wakipita mmoja mmoja.

"Siku hizi hakuna biashara," Gicheru alisema. "Walikuwa wakija kumshinda yeye. Alikuja mara moja, siku ya Jumatano. Nilimpa kidude akakataa. Alisema, 'Huyo mama ni wa uongo, Gicheru. Nilijaribu kufanya kama yeye nikaona ni wa uongo.' Nilitaka kujua kulitokea nini. Hakusema." Alimtazama Kingori kupitia miwani ya waya, kisha akaanza kufungua redio ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

Kingori alitoa shilingi tano akaiweka mezani.

"Mzee, unataka kucheza?"

"Nipe huyo mwanamke."

Walimwonyesha vitufe: hiki ni cha kwenda mbele, hiki cha kuruka, hiki teke, hiki ngumi. Vidole vyake vilikuwa vinene, vyenye nyufa nyeusi za utomvu wa kahawa, vikafunika vitufe vyote kwa pamoja. Mwanamke wa nguo ya buluu alitokea upande wake, akijitikisatikisa mahali pamoja, ngumi mbele, akimngoja. Jitu lilikuja. Kingori aliona linakuja. Aliona kabisa pale litakapopiga.

"Bonyeza, mzee," kurutu mmoja alisema.

Mwanamke alipigwa akaanguka. Akainuka, akapangusa mdomo, akasimama akimngoja. Akapigwa.

"Mzee, bonyeza. Usimwangalie tu."

Mstari wa nguvu yake juu ya kioo ulikuwa umebaki kama ukucha. Aliinuka hata hivyo. Hakumgeukia Kingori, kwa kuwa hawageuki, walitengenezwa kuangalia mbele. Alisimama tu, mikono juu, akingoja mtu aliyemshika afanye jambo. Kingori alibonyeza vyote kwa pamoja. Hakikutokea kitu. Safari hii alipoanguka hakuamka, na namba zikatokea juu, pande zote mbili, wazi, za kusomeka hata kutoka mlangoni. Upande wake palikuwa na sifuri.

Hakuna aliyecheka. Kurutu alichukua kidude mikononi mwake kwa adabu, kama mtu anavyompokea mzee kikombe.

Alipofika nyumbani Watiri alikuwa kwenye turubai uani, akigeuzageuza ile buni ya Jumamosi ya kwanza iliyokuwa imekauka nusu, akitoa zilizooza. Alifanya kazi kama mamake, mikono ikienda mbio, kichwa chini. Kingori alikaa kwenye kigogo mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Jumanne nitapeleka kahawa mwenyewe," alisema. "Nitasimama kwa hiyo laini."

"Sawa, baba."

Phyllis alikuwa akisema hivyo hivyo, bila kuinua kichwa. Sawa, Baba Watiri. Miaka kumi na minne Kingori alikuwa akiliita hilo amani.

"Nimetoka kwa Gicheru. Nimemcheza yule mwanamke wako."

Mikono ya Watiri ilipunguza mwendo, haikusimama. "Alishinda?"

"Hapana. Alipigwa tu."

Watiri aliokota punje moja nyeusi, akaitazama, akaitupa kwa kuku.

"Yeye anajua kupigana," alisema. "Ni vile wewe hukubonyeza."

Kingori alinyoosha mkono kuchukua punje achague pamoja naye, na binti akasogea kidogo, kiasi cha kumpisha, kichwa chake kikikwepa ule mkono kabla haujafika popote.